Koliflawa ya jibini ya kuoka: maji yanatoka wapi, na sosi inakatika kwa nini

Msomaji wetu wa Iringa anauliza:

"Habari za kazi. Nimeoka koliflawa ya jibini mara tatu na zote zimeniangusha. Nachemsha koliflawa dakika 15 mpaka ilainike, namwaga maji, naipanga kwenye bakuli la kioo. Sosi natengeneza kwa vijiko viwili vya unga na lita moja ya maziwa, halafu natia gramu 300 za mozzarella ikiwa bado inatokota. Ikitoka kwenye oveni, chini kuna maji kama mchuzi, sosi ina chengachenga na mafuta yanaelea, na jibini ya juu imekuwa ngumu kama mpira. Wiki ijayo nina wageni wanane. Nakosea wapi? Na gesi ikiisha, inawezekana kuoka kwa mkaa?"

Pole sana, dada. Mara tatu ni nyingi, hasa kwa bei ya jibini. Oveni yako haina kosa. Kasoro zote ulizozitaja zilishatokea kabla bakuli halijaingia humo. Katika chakula hiki oveni haipiki, inapasha moto na kutia rangi tu. Koliflawa inatakiwa iingie ikiwa imeshaiva na imekauka, sosi iingie ikiwa imeshaiva na ni nzito, na jibini iwe imeshayeyuka bila kuchemshwa. Ukifika kwenye oveni na hayo yote mkononi, hata oveni mbovu haitakuharibia.

Tuanze na maji, kwa sababu ndiyo yaliyokuumiza zaidi. Koliflawa ni maji kwa zaidi ya asilimia 90. Gramu 800 za vishada zina karibu robo tatu ya lita ya maji ndani yake. Maji hayo yanakaa mahali pake maadamu chembe za mboga bado zina kuta imara. Ukiichemsha dakika 15, kuta zinalegea na kupasuka, na yale maji hayana pa kushikwa tena. Yanavuja polepole, na yanavuja zaidi yakikutana na sosi yenye chumvi. Hapo hapo, kichwa cha koliflawa kimeumbwa kama sifongo: kati ya vile vimaua vidogo kuna maelfu ya nafasi zinazobeba maji ya sufuria. Ukimwaga tu na kupanga moja kwa moja kwenye bakuli, umeshayapanga na maji. Kwa hiyo unapata maji ya aina mbili, ya ndani na ya nje, na sosi yako nyepesi haina nguvu ya kuyameza.

Chagua koliflawa yenyewe kwa makini. Nunua kichwa kizito kuliko kinavyoonekana, vishada vimebanana, rangi nyeupe ya maziwa, majani ya nje bado kijani na yanalia "kwacha" ukiyavunja. Rangi ya manjano kidogo maana yake jua liliipiga shambani, haina shida maadamu imebana. Yenye madoa meusi imekaa sana. Ile iliyofumuka, ukiitazama juu inafanana na punje za wali zilizoachana, iache sokoni, kwa sababu hiyo ndiyo inayonyonya maji kuliko zote. Watu wa nyanda za juu mna bahati hapa, maana koliflawa inapenda baridi. Inayotoka Lushoto au Njombe ikifika bado ngumu ni bora kuliko iliyozunguka siku tatu kwenye gari la joto.

Kata vishada vya ukubwa wa limau, kila kimoja kikiwa na kipande cha shina lake. Vikiwa vidogo mno vinageuka uji. Vikiwa vikubwa mno shina linabaki bichi wakati kichwa kimeshalegea. Lile shina kuu la katikati usilitupe. Limenye ngozi ngumu ya nje, likate vipande vyembamba kama kidole cha mtoto, lina utamu wake. Loweka vyote dakika 10 kwenye maji baridi yenye chumvi kijiko kikubwa kimoja, wadudu na viwavi vitaelea. Kisha vikung'ute vichwa vikiwa chini.

Sasa kupika. Njia ninayokushauri ni mvuke. Weka maji vidole viwili kwenye sufuria, chujio la chuma juu yake, vishada ndani, funika, hesabu dakika 7 tangu mvuke uanze kutoka kwa nguvu. Kama huna chujio linalokaa vizuri, chemsha maji lita 3 yenye vijiko viwili vikubwa vya chumvi, yakichemka hasa tumbukiza koliflawa, na yakirudi kuchemka hesabu dakika 4. Hizo ni dakika za Dar es Salaam au Mombasa. Iringa mjini mko karibu mita 1,600 juu ya bahari, na maji yanachemkia kwenye nyuzijoto 95 hivi badala ya 100, kwa hiyo ongeza dakika moja au mbili. Usiangalie saa peke yake. Chomeka ncha ya kisu kwenye shina: inatakiwa iingie, lakini ukihisi inakataa kidogo katikati. Ikiingia kama kwenye siagi umeshachelewa.

Hatua inayofuata ndiyo ambayo watu wengi wanairuka, na nakuomba uizingatie kuliko zote. Tandaza kitambaa safi cha jikoni mezani au kwenye sinia kubwa. Panga vishada juu yake vichwa chini, mashina juu, visigusane. Utaona mvuke unapanda kwa nguvu kutoka kila kimoja. Acha. Huo mvuke ni maji yanayokimbia bure, na usiyoyafukuza sasa utayakuta chini ya bakuli. Baada ya dakika kama 10 mvuke unakwisha, na ukivigeuza utaona uso wake umebadilika: mwanzo ulikuwa unang'aa, sasa umefifia, na ukiupapasa hauachi unyevu kwenye kidole. Kitambaa chini kitakuwa kimelowa alama za vichwa. Hapo koliflawa iko tayari. Usiisuuze kwa maji baridi hata kidogo. Kusuuza kunasimamisha kuiva, ni kweli, lakini kunaijaza ile sifongo upya na kunaondoa joto ambalo lingekukaushia.

Kuna njia ya tatu, na kama una gesi ya kutosha ndiyo inayotoa ladha nzito zaidi: changanya vishada vibichi na vijiko viwili vikubwa vya mafuta na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vitandaze kwenye treya bila kurundikana, oka nyuzijoto 220 kwa dakika 20 mpaka kingo zianze kuwa hudhurungi. Zinatoka kavu zenyewe na zina utamu wa kuchomwa.

Sosi. Kwa kichwa kimoja cha kilo moja hadi kilo na robo kikiwa na majani, ambacho kitakupa gramu 700 hadi 800 za vishada, unahitaji siagi gramu 50, unga wa ngano gramu 50, maziwa mililita 600, jibini gramu 150 ya ndani ya sosi na gramu 50 ya juu. Bila mizani: unga ni vijiko sita vikubwa vilivyosawazishwa kwa kisu, siagi ni vijiko vitatu na nusu, maziwa ni vikombe viwili na nusu kasoro kidogo, kwa kikombe cha mililita 250. Wewe ulitumia vijiko viwili vya unga kwa lita nzima. Hata vikiwa vya kilima hufiki gramu 40, wakati maziwa hayo yanataka zaidi ya 80. Uzito huu utauona kama umezidi ukiwa kwenye sufuria, lakini usiogope. Koliflawa hata iliyokauka vizuri itatoa maji kidogo kwenye oveni, na sosi lazima iwe na nafasi ya kuyapokea.

Siagi iwe ya maziwa. Majarini ngumu ya kuokea inafanya kazi, ladha tu itapungua. Ile laini ya kupaka mkate iliyoandikwa kwamba ina mafuta kidogo iache, imejaa maji. Unga uwe mweupe wa kawaida, huo huo wa chapati, na usiwe ule uliochanganywa hamira ya unga. Maziwa yasiwe yameondolewa mafuta. Ya pakiti yanafaa, ya ng'ombe ya kupima pia, ila yachemshe kwanza. Na kabla ya kuanza, chemsha kijiko kimoja cha maziwa hayo pembeni. Yakikatika, yameshaanza kuchacha, na sosi yako ingetoka chengachenga hata ungefanya kila kitu sawa. Nadhani hii haikuwa shida yako, lakini imewaangusha wengi wanaonunua maziwa asubuhi na kupika jioni.

Pasha maziwa mpaka yawe moto wa kugusika, yasichemke. Ukipenda, tumbukiza nusu kitunguu kilichochomekwa karafuu mbili, acha dakika 15, kisha kitoe. Kwenye sufuria nyingine yenye kitako kizito yeyusha siagi kwa moto mdogo, mimina unga wote mara moja, koroga kwa mwiko. Kwanza utaona donge linaloshikamana, kisha litalegea na kuanza kutoa mapovu madogo kama mchanga uliolowa unaopumua. Endelea dakika 2. Nusa: harufu ya unga mbichi itaondoka na utasikia kitu kama biskuti zinazookwa. Ukifika hapo, kabla rangi haijageuka, tia maziwa.

Usiyamwage yote. Tia kama robo kikombe, koroga mpaka yamezwe kabisa na uji uwe mzito unaong'aa, tia tena robo kikombe, koroga, kisha nusu kikombe, na kuendelea. Mabuja yanatokea kwa sababu ile ile yanayotokea kwenye uji wa unga uliomwagwa kwenye maji ya moto: nje ya kidonge inaiva ghafla na kuufungia unga mkavu ndani. Ukiongeza kidogo kidogo, unga hauna nafasi ya kujifungia. Baada ya nusu ya maziwa kuingia badilisha mwiko, chukua mchapo wa waya. Yakitokea mabuja machache piga kwa nguvu. Yakikataa, pitisha sosi kwenye chujio la chai kabla jibini haijaingia. Hakuna aibu.

Maziwa yote yakishaingia, sosi itaonekana imeshakuwa nzito na utashawishika kuitoa. Usiitoe. Wanga wa ngano huanza kuvimba kwenye nyuzijoto 60 hivi, lakini haukamilishi kazi yake mpaka ukaribie kuchemka. Iache itokote kwa moto mdogo kabisa, mapovu mawili matatu yakipasuka polepole, dakika 6 hadi 8, ukikoroga hasa kwenye kona za sufuria ambako inaungua. Onja. Mwanzo ulimi utahisi vumbi la unga, kama uji uliotolewa mapema. Vumbi likiondoka imeiva. Chovya mwiko, ugeuze, pitisha kidole mgongoni mwake: mstari ubaki wazi bila kufunikwa. Sosi inayofunika mstari haijawa nzito ya kutosha kwa koliflawa.

Wafaransa wanaiita sosi hii nyeupe béchamel, na ikishatiwa jibini wanaiita Mornay. Chakula chenyewe lakini ni cha Waingereza hasa; kwao koliflawa ya jibini inakaa pembeni ya nyama ya ng'ombe ya kuoka siku ya Jumapili, na jibini yao ni Cheddar, iliyochukua jina la kijiji cha Cheddar huko Somerset.

Hapa ndipo sosi yako ilipokatika. Jibini ni wavu wa protini ulioshika mafuta na maji. Ukiipasha polepole, wavu unalegea na kila kitu kinatiririka pamoja. Jibini nyingi zinalegea vizuri kati ya nyuzijoto 55 na 65. Ukiitia kwenye sosi inayotokota, ule wavu unajikaza badala ya kulegea. Protini zinakamatana na kuwa chenga, na zinapokamatana zinayakamua mafuta nje, ndiyo yale uliyoyaona yanaelea. Wanga wa sosi unazisaidia protini zisikutane, lakini wewe ulikuwa na wanga kidogo na jibini nyingi. Kwa maneno mengine, uliitia jibini kwenye moto mkali ikiwa haina mlinzi.

Kwa hiyo zima moto kabisa. Ondoa sufuria jikoni, iweke juu ya mbao, subiri dakika 2. Jibini iwe imeshakwaruzwa kwa tundu kubwa za kikwaruzo cha karoti na iwe imetoka kwenye friji nusu saa kabla. Tia theluthi moja, koroga kwa mwiko taratibu mpaka ipotee, tia theluthi ya pili, kisha ya tatu. Usirudishe jikoni. Ikiwa imebaki mikanda ambayo haijayeyuka, funika dakika moja na ukoroge tena.

Mozzarella peke yake ndani ya sosi sikushauri. Ina ladha hafifu na inavutika nyuzi, jambo zuri kwenye piza lakini kwenye sosi linaleta kamba zinazojikunja. Itumie juu tu, nayo kidogo. Ndani weka Cheddar iliyokomaa gramu 100 na Gouda changa gramu 50: ya kwanza inaleta ukali, ya pili inaleta ulaini. Zote zinatengenezwa Afrika Mashariki na si lazima ununue iliyosafirishwa kwa ndege. Wewe uko jirani na Njombe, ambako jibini za ng'ombe zinatengenezwa. Uliza ile ngumu kiasi iliyokaa miezi kadhaa. Wasomaji wa Goma na Bukavu wana jibini la Masisi, na wa Rwanda wana la Gishwati. Yote mawili ni ya ukoo wa Gouda na yanayeyuka vizuri mno, ila ladha yake ni tulivu, kwa hiyo waongeze haradali. Zipo zisizoyeyuka hata ufanyeje, kama paneer na halloumi: zinalainika au kuungua, haziwi sosi. Na jibini iliyouzwa ikiwa imeshakwaruzwa imenyunyiziwa wanga ili isigandamane, nayo inaweza kuacha sosi na unga mdomoni. Nunua kipande.

Kuna msaada mmoja rahisi ninaoupenda, unaopatikana hata kwenye duka la mtaani: zile jibini laini za pembetatu zilizofungwa kwenye karatasi ya fedha. Zina chumvi maalumu zinazozuia protini kukamatana. Tia pembetatu mbili kwenye sosi kabla ya jibini nyingine. Hutaionja sana ladha yake, lakini sosi itashikamana hata kama moto ulizidi kidogo.

Mwisho wa sosi tia kijiko kimoja cha chai cha haradali, pilipili manga nyeupe kwa ncha ya kisu, na kungumanga, ile inayolimwa Unguja na Pemba, ikwaruzwe hapo hapo mara tano au sita juu ya sufuria. Kungumanga ya unga iliyokaa kabatini haina kitu tena. Chumvi onja mwisho kabisa, baada ya jibini, kwa sababu jibini imekuja na yake.

Ikikatika hata hivyo, usiitupe. Ikiwa bado vuguvugu, changanya kijiko cha chai cha unga wa mahindi laini wa kugandishia sosi, ule mweupe wa kasta, na vijiko vitatu vya maziwa baridi. Uchemshe huo mchanganyiko pembeni mpaka uwe mzito, kisha ongeza sosi iliyokatika kijiko kimoja kimoja ndani yake, ukipiga kwa mchapo. Mara nyingi inarudi. Haitakuwa laini kama isiyowahi kukatika, ila mafuta yatakuwa yamemezwa.

Kupanga ni kazi fupi. Bakuli la kuokea liwe pana na la kina kifupi, kama sentimita 20 kwa 30 na kina cha sentimita 5. Lipake siagi. Panga vishada vichwa juu, safu moja tu, vikigusana bila kubanwa. Mimina sosi taratibu ikiwa bado moto, ianzie juu ya vichwa ishuke yenyewe. Gonga bakuli mezani mara mbili ili iingie chini. Juu nyunyiza zile gramu 50 za jibini zilizochanganywa na chenga za mkate mkavu gramu 30 na siagi iliyoyeyushwa kijiko kimoja. Chenga za mkate ndizo dawa ya ule mpira wako: jibini ikikaa yenyewe juu kwa nusu saa inakauka na kukaza, lakini ikishikana na mkate inakuwa ganda linalovunjika.

Oveni iwashe dakika 15 kabla, nyuzijoto 200. Oveni nyingi za majumbani za gesi zina moto wa chini peke yake, kwa hiyo weka bakuli kwenye waya wa juu, vinginevyo chini itachemka wakati juu bado ni nyeupe. Dakika 20 hadi 25 zinatosha. Unatafuta mapovu kwenye kingo na rangi ya dhahabu yenye madoa ya hudhurungi. Kama oveni yako ina moto wa juu wa kuchomea, uwashe dakika 2 au 3 za mwisho na usiondoke hapo. Ukipitisha nusu saa, unarudi kwenye matatizo yale yale: koliflawa inaendelea kuvuja na jibini inaendelea kukaza.

Ikitoka iache mezani dakika 10. Sosi ya wanga inakaza inapopoa, na kile kinachoonekana chepesi kikiwa kinachemka kitakaa vizuri kwenye kijiko baada ya hapo.

Kuhusu mkaa, inawezekana kabisa, na matokeo yake ni mazuri. Usitumie bakuli la kioo. Tumia sufuria pana ya aluminiamu au treya ya chuma. Chukua sufuria kubwa zaidi, mwaga mchanga mkavu kina cha vidole viwili, panga juu yake vijiwe vitatu, funika, ipashe jikoni dakika 15. Weka treya ya koliflawa juu ya vijiwe. Mfuniko uwe bapa na mzito, nao uupalie makaa mapema, kabla ya kufunika. Hilo lina sababu: mfuniko wa baridi unakusanya mvuke, na matone yanarudi juu ya jibini na kuilowesha. Mfuniko ulio moto kuliko mvuke haushiki tone. Moto wa juu uwe mkubwa kuliko wa chini: ukiwa na makaa ya viganja sita, vinne viende juu na viwili vibaki chini. Usifunue kwa dakika 20 za kwanza. Fungua, tazama rangi, na kama bado, ongeza makaa juu tu.

Kwa wageni wanane, kama koliflawa ni ya pembeni ya nyama au kuku, zidisha vipimo mara moja na nusu: vichwa viwili vidogo, siagi gramu 75, unga gramu 75, maziwa mililita 900, jibini gramu 225 ndani na 75 juu. Gawa kwenye mabakuli mawili. Ukijaza bakuli moja la kina, katikati haitapata moto kabla kingo hazijaungua, na safu ya chini itaelea kwenye maji ya safu ya juu.

Unaweza kuipanga siku moja kabla. Hapo acha koliflawa na sosi zote zipoe kwanza, panga, funika, weka kwenye friji, na chenga za mkate uzitie wakati wa kuoka tu. Ikitoka kwenye friji itahitaji nyuzijoto 180 na dakika 35 hadi 40. Kwenye friza usiiweke: barafu inapasua zile kuta za mboga tulizozilinda kwa bidii, na ikiyeyuka utapata supu. Kiporo kiingie kwenye friji ndani ya saa mbili, kiliwe ndani ya siku mbili, na kipashwe kwenye oveni. Kwenye maikrowevu tumia nusu ya nguvu, la sivyo mafuta yatajitenga.

Siku ambayo koliflawa haipo sokoni, sosi hii inafaa mboga nyingine, mradi kila moja uitoe maji yake kwa njia yake. Brokoli mvuke dakika 4. Boga likate vipande, lioke kavu kwanza. Kabichi ikate vipande vinene, ikaange kwa siagi kidogo mpaka iache kutoa maji. Mchicha au spinachi chemsha dakika moja, kisha ufinye kwa mikono miwili mpaka maji yakome kabisa. Kilo nzima itabaki donge la kushikika kwenye kiganja, na hapo punguza sosi iwe nusu.